Siku Niliyomuaga Mama kwa Simu

Kazi yangu ni kuchapa watu waliokufa. Natanguliza hilo ili usinicheke bure huko mbele. Duka letu liko karibu na steji ya magari hapa Kisumu, na ingawa ubao wa nje umeandikwa fotokopi, laminesheni na KRA, kinacholipa kodi ni programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na maisha ya marehemu. Huku magharibi hatuziki mtu kimyakimya. Watu wanataka kurasa kumi na mbili, rangi tupu, marehemu amevaa suti ambayo hakuwahi kuwa nayo, mawingu nyuma ya kichwa. Suti huwa namvisha mimi, kwa kompyuta.

Mwanzoni nilikuwa naangalia tahajia tu. Halafu siku moja nikaandika "alizaliwa 1999". Mimi ni wa 2001. Wiki iliyofuata ikaja ya 2000. Nikaona kabisa kwamba foleni inasogea.

Halafu kuna hii sentensi: "aliugua kwa muda mfupi." Nimeichapa mara nyingi hadi vidole vinaijua bila mimi. Lakini muda mfupi ni kiasi gani? Siku mbili? Nusu saa? Hakuna familia iliyowahi kufafanua, na mimi siwezi kumuuliza mtu mwenye msiba.

Jicho la kushoto likawa la kwanza kuanza kucheza. Nyanya yangu angeniambia kuna mgeni njiani. Mimi nikaiuliza simu. Simu ikataja uchovu, usingizi mchache, kahawa nyingi, na mwishoni kabisa magonjwa mawili ya neva yenye majina marefu. Hayo mengine niliyaruka nikaenda moja kwa moja kwa yale marefu.

Kisha nikapata kijitezi shingoni. Nikakibonyeza usiku kucha kuona kama kinakua, na asubuhi kikawa kimekua na kinauma. Kisha koo: ugali na omena vinapita bila shida, lakini nikimeza mate peke yake nahisi kuna punje ya mahindi imekwama. Kisha moyo. Nikilala naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, nahesabu. 84. Nahesabu tena nione kama imeshuka. 96. Tena. 110. Nilikuwa nimesoma kwamba wa kawaida uko kati ya 60 na 100, kwa hiyo hapo nikawa nimeshatoka kwenye kundi la wazima, saa saba usiku, peke yangu, mtaani Manyatta, mbwa wa jirani akibweka kama anayejua kitu.

Nikamkumbuka Christian Eriksen, yule wa Denmark aliyeanguka uwanjani Copenhagen mwezi wa Juni 2021. Miaka 29, madaktari wako palepale pembeni. Sasa mimi, ambaye mazoezi yangu ni kupanda ngazi za ghorofa moja? Kwamba jamaa alipona na akarudi kucheza Uingereza, kichwa changu hakikuhifadhi sehemu hiyo.

Na ndiyo, kabla hujauliza: nilishajitengenezea programu yangu. Kurasa nane tu. Sikutaka kuingiza familia kwenye gharama.

Jumapili moja nikaenda soko la Kibuye kujinunulia angalau kitu cha kunifurahisha. Nikapata jinzi, si mtumba, mpya kabisa, rangi ya usiku wa manane, bado ngumu kiasi cha kusimama yenyewe. Jamaa alitaka mia sita, nikampa mia nne hamsini. Alikubali haraka mno. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini mimi mshtuko wangu wote nilikuwa nimeuwekeza kwenye moyo.

Jumatatu nikaivaa kazini. Joto la Kisumu mnalijua, na feni yetu imekufa tangu mwaka juzi bila hata programu. Saa tano hivi akaja mzee mmoja na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Kaka mdogo wake. Alizaliwa 2001. Mwezi wa Agosti. Mimi pia Agosti. Nikamwambia mzee nipe dakika moja, nikatoka nje, nikasimama kwenye veranda mikono mfukoni, viganja vinatoka jasho kama nimeshika samaki.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilipotoa mikono nichukue simu, nikaona vidole vyangu vya bluu.

Si kwamba nilidhani ni bluu. Ni bluu kabisa, kuanzia kwenye kucha hadi kiungo cha kwanza, mikono yote miwili. Wazo la wino lilinijia, nisidanganye. Lakini siku hiyo tulikuwa tumechapa nyeusi tupu, na wino nimeugusa miaka mitatu, naujua. Hii haikuwa wino. Hii ilikuwa imetoka ndani.

Nikaandika kwenye simu: "vidole kuwa bluu ghafla". Mstari wa kwanza ulisema oksijeni haifiki. Wa pili sikuusoma. Nikaanza kuitafuta hiyo oksijeni kwa nguvu, navuta hewa kama mtu aliyetoka chini ya ziwa, na kadiri ninavyovuta ndivyo hali inavyoharibika. Midomo ikaingia ganzi. Viganja vikawa kama vinatembelewa na siafu. Halafu vidole, hivyo vya bluu, vikaanza kujikusanya vyenyewe, vitano kwa pamoja, kama mtu anayechota ugali. Nikajaribu kuvinyoosha vikakataa.

Nikasimamisha tuktuk kwa kiwiko.

Ndani tayari kulikuwa na mama wa samaki na beseni lake la ngege, na kijana mmoja mwenye headifoni. Dereva akanitazama kwenye kioo. "Omera, umepigwa na stima?"

Nikamwambia hospitali. Nikamwambia pia anisaidie kumpigia mama, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimestaafu. Akachukua simu, akapiga, akaweka spika, akaisimamisha kwenye dashibodi karibu na picha ya timu ya Gor Mahia. Ndivyo nilivyomuaga mzazi wangu mbele ya kadamnasi.

"Mama, mimi naenda."

"Unaenda wapi?"

"Naenda, mama."

"Nairobi?"

"Mama, nisikilize. Vidole vimeshakufa. Moyo uko njiani. Sitaki kwenda na kitu rohoni." Nikavuta hewa. "Yule mbuzi hakuibiwa. Nilimuuza mimi. Soko la Luanda, 2019. Elfu nne na mia tano."

Tuktuk ikanyamaza. Hata kijana akatoa headifoni sikio moja.

Lazima nieleze kidogo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, sina simu. Kijijini Vihiga, mbuzi alipopotea, mama alimshuku kijana wa jirani, na kutoka siku hiyo hakumsalimia tena mama wa kijana huyo. Miaka mitano. Kisimani, kanisani, kwenye chama, kimya. Walikuwa marafiki tangu waolewe. Nami pesa nilinunulia simu, hiyohiyo iliyokuwa kwenye dashibodi, hiyohiyo iliyoniambia oksijeni haifiki.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Yule mweupe?"

"Mweupe."

"Aliyekuwa na mimba?"

"Mama, sikujua ana mimba."

Simu ikakatwa.

Mama wa samaki akalivuta beseni lake upande wa pili, kana kwamba ningeliuza. "Kijana," akaniambia, "usife kwanza. Mama yako ana maneno na wewe."

Hospitalini walinipokea haraka, nadhani kwa sababu ya ile mikono. Sista akanifunga kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, mashine ikaandika 99. Akakihamisha kidole kingine. 99. Akapima presha: 150 kwa 90. Nikamwambia si nilisema? Akaniambia hata yake ingekuwa hivyo kama angeingia pale akipiga kelele za mbuzi.

Wakanilaza, wakanibandika vibandiko kumi, vinne kwenye mikono na miguu na sita kifuani, vya baridi kama mkono wa polisi. Karatasi ikatoka na milima yake. Daktari, kijana ambaye nadhani hatupishani miaka mitano, akaiangalia akatikisa kichwa polepole. Mtu akitikisa kichwa juu ya karatasi ya moyo wako, nakuambia unaonja udongo.

"Unakimbia," akasema.

"Moyo?"

"118. Lakini unakimbia vizuri."

Akaniambia nitoe ulimi. Nikatoa. Akaniambia kama oksijeni ingekuwa imepungua hadi vidole viwe bluu namna ile, ulimi na midomo navyo vingesema, na mashine isingetoa 99. Ulimi wangu ulikuwa mwekundu kama wa mtoto aliyekula peremende. Basi akaamua angalau apime sukari. Akachukua pamba yenye spiriti, akapangusa ncha ya kidole.

Pamba ikawa bluu.

Akaitazama. Akachukua nyingine, akapangusa kidole cha pili. Bluu. Cha tatu. Chini ya bluu kulikuwa na kidole changu cha siku zote, hakina habari. Daktari akapandisha macho taratibu kutoka kwenye pamba hadi kwenye mfuko wa suruali yangu.

"Umenunua wapi?"

"Kibuye."

"Ngapi?"

"Mia nne hamsini."

"Walikupa na rangi yake," akasema, halafu akatoka nje ya pazia. Nilimsikia akijaribu kukohoa. Aliporudi alikuja na watu wanne waliotaka kuona pamba.

Lakini nimpe haki yake, jamaa alikaa chini akanieleza bila dharau. Nilikuwa nimepumua haraka mno nikatoa kabonidayoksidi nyingi kuliko mwili unavyotaka, na hiyo ikipungua damu hubadilika kidogo, neva zinakuwa na wasiwasi wao wenyewe: ganzi ya midomo, siafu za viganja, vidole kukakamaa. Hujaigiza, akaniambia, umekakamaa kweli. Adrenalini ndiyo inayokimbiza moyo, na kuuhesabu kila usiku ni kama kumwamsha mtoto kuona kama amelala. Tezi akaishika mara moja tu, akauliza naibonyeza mara ngapi kwa siku. Nikasema sijui, arobaini? Akasema hata yeye akimbonyeza mtu mara arobaini atavimba. Kisha akaniandikia nirudi Alhamisi kuonana na mshauri, maana hofu ya kuugua nayo inatibika, na wa umri wangu anawaona wengi. Mmoja, akasema, alikuwa anajipima presha kila baada ya mwalimu kumaliza somo.

Tukapumua pamoja polepole, kuvuta kidogo, kutoa kwa muda mrefu. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Moyo ukashuka hadi 88. Nilijisikia mzima kuliko nilivyokuwa kwa miezi mingi. Nikacheka hata mimi.

Ndipo pazia likafunguliwa.

Mama alikuwa na gambuti za shambani, udongo wa Vihiga bado mbichi. Nyuma yake, ameshika mkoba wa mama, alisimama jirani. Jirani yule. Walikuwa wamekuja matatu moja, viti vya kugusana, na kwa jinsi walivyosimama ungejua maneno ya miaka mitano yalikuwa yameisha kabla hawajafika Kiboswa, na kwamba waliyapata ya kuzungumzia kwingine.

Mama akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Akashika mkono wangu, akaugeuza, akautazama vizuri.

"Uko hai?"

"Niko hai, mama."

"Vizuri." Akavuta kiti, akakaa. "Alikuwa na mimba. Tuseme wawili."

"Wawili," jirani akaitikia.

"Na wale wawili, mwaka uliofuata, kila mmoja wawili. Hao ni wanne. Na mama yao bado anazaa."

"Mbuzi huzaa mara tatu kwa miaka miwili," jirani akasema, bila kunitazama. "Yule wangu hivyo."

"Ngoja. Tuanze upya. 2020…"

Kile kibanio kilikuwa bado kidoleni, kinahesabu na moyo. 94. Mama akafika 2021, kwa vidole vya mikono yote miwili, jirani akaongeza vyake. 103. Wakabishana kuhusu dume wa 2022 kama angeuzwa au angebaki. 117. Mashine ikaanza kulia.

Sista akaja mbio, akaitazama mashine, akamtazama mama.

"Mama," akasema, "punguza mbuzi."