Si buti, ni maji

Eti njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro, kutoka getini hadi kambi ya Mandara, inachimbika kwa sababu ya wingi wa buti za wageni. Buti zina lawama yake, sikatai, hasa watu wanapokwepa tope na kukanyaga pembeni hadi njia inapanuka. Lakini mchimbaji mkuu ni maji. Nimebeba mizigo njia hiyo miaka mingi, na masika moja tulijitolea wagumu (ndio sisi wapagazi) kumi na kitu, kwa sururu na machepe, kuzibua mitaro chini ya mwongozo wa askari wa hifadhi. Mvua ya msituni ikishaingia njiani bila pa kutokea, hushuka nayo kama mfereji. Dawa ni gogo au mawe yaliyolazwa mshazari ili maji yatoke kwenda vichakani. Sisi gogo la kwanza tulililaza kukingama njia moja kwa moja, bila mshazari, kujiona mafundi kweli, na wiki iliyofuata maji yalikuwa yamelirukia na kuchimba shimo la magoti upande wa chini! Tukaligeuza likalala mshazari. Wenzangu wa njia ya Machame, kwenu mitaro huzibuliwa kabla ya masika au mpaka njia ikatike?