Hukumu Isiyotoa Sababu Hukatiwaje Rufaa?

Tarehe 13 Mei 2025, Mahakama ya Rufani jijini London ilimfutia Peter Sullivan hatia ya mauaji, naye akaisikiliza hukumu hiyo kwa njia ya video akiwa gerezani Wakefield, baada ya kukaa kifungoni miaka 38. Vinasaba vilivyopatikana katika sampuli za mwaka 1986 havikuwa vyake. Siku ile nilisoma maoni ya watu waliofurahi kwamba mfumo umefanya kazi, na hasira yangu haijatulia hadi leo, kwa maana mtu huyu aliomba kesi yake ichunguzwe mwaka 2008 akakataliwa, na baadaye mahakama hiyohiyo ikamnyima ruhusa ya kukata rufaa.

Kiini cha tatizo ni hiki. Katika Mahakama ya Taji, inayosikiliza kesi kubwa za jinai Uingereza, raia 12 wa kawaida, yaani juri, husikiliza ushahidi, hujifungia chumbani, kisha hutoka na jibu la ana hatia au hana. Sababu hawatoi, na ni kosa la jinai kufichua waliyojadiliana mle ndani. Tangu mwaka 1967 hata kukubaliana wote si lazima tena, kwani 10 dhidi ya 2 wanatosha. Aliyetiwa hatiani ana siku 28 za kuomba ruhusa ya kukata rufaa, na kwa kawaida ombi lake husomwa kwanza na jaji mmoja kwenye makaratasi tu. Jaji akiliona halina msingi na mfungwa aking'ang'ania, mahakama inaweza kuamuru kwamba siku alizokaa gerezani akisubiri zisihesabiwe katika kifungo chake. Akifanikiwa kusikilizwa, haitoshi kusema kwamba juri ilikosea, kwa kuwa hoja hiyo ni nadra sana kukubaliwa. Kwa kawaida hulazimika kuonesha dosari, kwa mfano kwamba jaji aliielekeza juri vibaya, au kwamba umepatikana ushahidi mpya. Unawezaje kupinga hoja ambazo hukuoneshwa?

Sisi wa Afrika Mashariki tuliorithi sheria ya Waingereza tunaandikiwa hukumu yenye sababu, na kesi ya Okeno ya mwaka 1972 inasisitiza kwamba mahakama ya kwanza ya rufaa iupime ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe. Mahakama zetu zina aibu zake, tena nyingi, lakini mrufani wetu walau ana karatasi ya kubishana nayo.

Waingereza watakujibu kwamba ipo Tume ya Mapitio ya Kesi za Jinai, iliyoanza kazi mwaka 1997 baada ya fedheha kama ile ya watu sita wa Birmingham, waliofungwa miaka 16 kwa mabomu ambayo hawakuyatega. Nakiri kwamba nchi nyingi hazina chombo cha namna hiyo. Hata hivyo, sheria inairuhusu Tume kupeleka kesi mahakamani pale tu inapoona uwezekano wa kweli kwamba majaji wataitengua hatia. Yaani Tume haijiulizi kama mtu ameonewa. Imefanywa mpiga ramli wa kubashiri majaji wataamkaje.

Andrew Malkinson anajua gharama ya ramli hiyo. Alitiwa hatiani kwa ubakaji mwaka 2004 kwa kura 10 dhidi ya 2, na mwaka 2007 vikapatikana vinasaba vya mwanamume mwingine, lakini Tume ilimkataa mwaka 2012 na tena mwaka 2020. Kiwango cha chini cha kifungo chake kilikuwa takriban miaka 7, naye akakaa 17, kwa sababu asiyekubali kosa hupata taabu kuwashawishi wanaoamua kuachiliwa kwake. Hatia ilifutwa Julai 2023. Mwenyekiti wa Tume alijiuzulu Januari 2025, hatua ambayo haimrudishii mtu hata Jumapili moja.

Kuhusu fidia nitasema machache, maana nitakufuru. Tangu mwaka 2014, aliyefutiwa hatia hulipwa iwapo tu ushahidi mpya unathibitisha pasipo shaka kwamba hakutenda kosa, na hadi mwaka 2023 serikali iliweza kumkata humo gharama za maisha alizookoa kwa kulala na kula gerezani. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Sitaki juri ifutwe. Mwaka 1670 wazee wa juri ya London waliwekwa ndani kwa kukataa kumtia mhubiri William Penn hatiani, na ushujaa huo haupuuzwi. Wala siiamini serikali inayotaka kupunguza kesi za juri sasa kwa kisingizio cha mlundikano. Ninachotaka ni mahakama ya rufaa inayousoma ushahidi badala ya kuusujudia uamuzi. Mwaka 2025 Tume ya Sheria, chombo kinachopendekeza marekebisho ya sheria, katika mapendekezo yake ya awali, ilitaka kigezo cha ubashiri kiondolewe. Hilo linahitaji Bunge, na Bunge lililofuta hatia za mamia ya wasimamizi wa ofisi za posta, walioponzwa na mfumo mbovu wa kompyuta, kwa sheria moja mwaka 2024 lisithubutu kutuambia kwamba halina muda.