Mbwa mkali: tuandame mbegu yake au mwenye kumfuga?

Mtoto wa dada yangu alikuwa akirudi kutoka chuo cha Kurani baada ya alasiri, juzuu kaikumbatia kifuani, alipotokewa na mbwa mbele ya geti lililoachwa wazi. Alitafunwa mguuni, juu kidogo ya kifundo. Hakuwa mbwa wa kizungu. Alikuwa mbwa koko, mbavu zinahesabika, aliyezoea kutupiwa makombo na mlinzi wa nyumba ile mpaka akaiona ni kwao. Dada yangu alipofika pale hakuuliza ni mbwa wa mbegu gani. Aliuliza: kachanjwa? Mlinzi hakujua, na tajiri wake alikuwa safarini.

Swali lile hunirudia kila ninapomsikia mtu akisema tupige marufuku mbwa wa mbegu kali kama walivyofanya Waingereza. Hapa kwetu Zanzibar nyumba za ukuta zimeongezeka Mbweni, Mazizini, Fumba na huko pwani ya Paje, na nyuma ya kuta hizo wapo rotiwaila na Jamani shepadi. Kibao cha “Mbwa mkali” kimekuwa jambo la kawaida getini.

Wanaotaka marufuku wana hoja, na ningependa isikilizwe vizuri. Mbwa wa kilo 50 akimkamata mtoto, hata baba mtu mzima hamng’oi kwa mikono. Koko huuma akakimbia. Mbwa aliyezalishwa kwa vizazi vingi ili apigane, akishika haachii. Kumwambia mama kwamba mwenye mbwa atatozwa faini baadaye ni kumwambia asubiri msiba kwanza. Halafu sisi ni watu wa visiwa, na hapa ndipo hoja yao inaponigusa zaidi. Mbwa mkubwa wa kigeni haji kwa miguu. Anapita bandarini au uwanja wa ndege, na kumzuia kabla hajazaa hapa ni rahisi kuliko kumsaka akishaenea shehia kwa shehia.

Lakini tutazame yaliyowafika wenyewe. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1991, watoto na watu wazima wakiwa wamejeruhiwa vibaya, ikapiga marufuku aina nne: pitbull terrier, Tosa wa Kijapani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Miaka iliyofuata, idadi ya wanaolazwa hospitali kwa kutafunwa na mbwa haikupungua, ilipanda. Kisha likaingia jitu jingine lisilokuwemo katika orodha, XL Bully, lililozalishwa Marekani kwa kuchanganya damu, na tangu Februari 2024 kumiliki mbwa huyo bila cheti maalumu ni kosa Uingereza na Wales. Uholanzi ilipiga marufuku pitbull mwaka 1993, na mwaka 2008 serikali ikatangaza kuiondoa kwa sababu watu waliendelea kuumwa vilevile. Italia iliandika orodha ya mbegu zaidi ya 90 mwaka 2003; ilipofika 2009 ikaifuta, mzigo akabebeshwa mwenye mbwa.

Na huko kwao angalau mbwa wengi wana nasaba iliyoandikwa. Hapa, mbwa aliyezaliwa na shepadi wa Mazizini na koko wa Kiembesamaki, nani atasema ni wa mbegu gani? Sheha na futi ya kupimia kichwa?

Pemba ina funzo lililo karibu nasi zaidi. Kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua watu kisiwani humo. Zikaanzishwa kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka, na kufikia Mei 2014 minyororo yote ya maambukizi ilikuwa imekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena, mara mbili, ukasambaa upya, na haukumalizwa mpaka Oktoba 2018, chanjo iliporejeshwa kila pembe. Virusi vile havikuuliza nasaba ya mbwa hata mara moja. Kilichookoa watu ni sindano na watu waliotembea kijiji kwa kijiji, na kilichoponza ni kudhani kazi imekwisha. Hizo ndizo fedha na nguvu ninazoogopa zitahamishiwa kwenye kukagua masikio na mikia.

Kuna jambo jingine ambalo orodha ya London haiwezi kuliona. Mzee anakwenda msikitini alfajiri, mbwa anamkaribia kwa upole kabisa na kumlamba kanzu. Hakuumia popote. Lakini sisi wa madhehebu ya Shafii tunajua lililompata: arudi nyumbani, kanzu ioshwe mara saba, moja kwa udongo, na sala ya jamaa imeshampita. Kilichomdhuru kinaweza kuwa kimbwa kidogo cheupe cha mgeni, kisichowahi kubwekea mtu. Ukimuuliza mzee huyu anataka sheria gani, atakwambia mbwa afungwe. Mbegu haimshughulishi.

Dini yenyewe nayo imempima mbwa kwa kazi na tabia. Hadithi sahihi zimemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Anayefuga wa mapambo hupungukiwa na thawabu kila siku. Na katika wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia kwa Hija, yumo mbwa mwenye kushambulia, kwa kitendo chake. Najua msomaji atanitajia hadithi ya kuuawa mbwa mweusi mwenye madoa mawili. Ipo, lakini Imamu Nawawi, ambaye madrasa zetu zinamtegemea, amenukuu kwamba sheria ilikuja kutulia juu ya kukataza kumuua mbwa asiye na madhara, mweusi au wa rangi nyingine.

Sisemi kumwandama mwenye mbwa ni njia nyepesi. Daftari la mbwa katika kila shehia linataka mtu wa kuliandika na mtu wa kulifuata. Na wapo ambao litawalemea bure: wasasi, yaani wawindaji, wa kusini Unguja, ambao mbwa wao huwafukuza nguruwe wanaoharibu mihogo. Mkulima wa Makunduchi hana ukuta wa matofali wala fedha za mnyororo mzuri kwa mbwa sita. Kumtoza sawa na mwenye hoteli ni dhuluma. Kwake yeye chanjo iwe ya bure na ifike kwake, na mbwa wafungwe siku zisizo za msako, basi. Mwenye geti na kibao ndiye abanwe: cheti cha chanjo, geti linalojifunga, mbwa asitoke bila kamba na kifunga mdomo, na akimdhuru mtu, matibabu na fidia zitoke mfukoni mwake bila ya kuzungushana. Kwa wale wakubwa wanaotoka nje, ningekubali ruhusa maalumu kabla hawajapandishwa boti. Hapo wenzangu wa marufuku wananishinda, na sioni aibu kukiri.

Mtoto wetu alichomwa sindano zote, siku zake zilizopangwa, na jeraha limepona. Chuoni sasa anazunguka kwa njia ndefu. Geti lile bado naliona wazi.