Dar–Dodoma: ndege ya saa moja, safari ya saa ngapi?

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 390. Vikokotoo vya mtandaoni huigawa namba hiyo kwa 800, vikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, jibu likaja: saa moja. Kwa rubani hesabu hiyo inakaribia ukweli. Abiria ana yake.

Chukua mtu wa Kariakoo anayekwenda bungeni. Kufika JNIA, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, kwa Barabara ya Nyerere, dakika 45 kama foleni ina huruma. Afike saa moja na nusu kabla, kwa sababu kaunta hufungwa mapema na mizigo hukaguliwa zaidi ya mara moja. Angani na kutambaa uwanjani, saa moja na dakika kumi hivi. Msimu wa kaskazi ndege mara nyingi hurukia upande wa bahari, ikaipa Dodoma mgongo, ndipo igeuze. Kusubiri begi dakika 20, teksi dakika 10, maana uwanja wa Dodoma umo mjini. Jumla inagonga saa nne kasoro.

Wapo wanaosema dawa ni ndege za kasi zaidi. Kwa umbali huu, ndege ya pangaboi ya kilomita 660 kwa saa na jeti ya kilomita 830 zinapishana dakika saba tu, tena kwenye karatasi. Muda unapotelea ardhini.

Treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, inatembea hadi kilomita 160 kwa saa. Ile ya haraka hutumia saa tatu na ushee. Stesheni ya Dar iko katikati ya jiji, kwa hiyo mtu wetu wa Kariakoo, akiweka na saa nzima ya kuwahi, anafika kwa saa nne na nusu mpaka tano. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Tiketi ya ndege huizidi mara kadhaa. Udhaifu wa treni ni umeme: nguvu ikikatika njiani, abiria wote wanakaa porini. Mwaka 2024 TRC yenyewe, shirika la reli, iliwataja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu, na watu walicheka, ingawa mnyama kwenye waya za umeme mkubwa si jambo la ajabu.

Kwa anayeishi katikati ya jiji, nusu saa hadi saa moja anayookoa kwa ndege hailipi tofauti ya nauli. Anayeshuka JNIA kutoka ng'ambo ni habari nyingine: kuingia mjini kutafuta treni ni kurudi nyuma, aunganishe ndege tu. Wa Gongo la Mboto naye yuko jirani na uwanja, lakini stesheni ya Pugu nayo haiko mbali naye, na treni za kawaida husimama pale.

Safari za ndege zikihamia uwanja mpya wa Dodoma ulioko Msalato, zaidi ya kilomita kumi nje ya mji, zile dakika 10 za teksi zitaongezeka, hata ndege iwe kubwa kiasi gani.