Uraka wangu hauna haraka

Msimu wa korosho ukifika huku Newala, mkoani Mtwara, pua ndiyo inayokwambia. Korosho zimeokotwa zinasubiri mnada, mabibo, matunda yanayobeba korosho, yamebaki chini ya mikorosho, mekundu na ya njano, nzi wanasherehekea. Bibo lina uzito mara tano au zaidi ya korosho yake na vitamini C nyingi kuliko chungwa, ila siku moja tu limeshaharibika. Basi linatupwa, au linakamuliwa uraka, yaani pombe ya maji yake yaliyochacha, wa kunywewa haraka haraka, au linapikwa nipa, pombe kali ya kienyeji. Nipa siigusi: sheria inaikataza, na upishi wa kubahatisha unapofua watu macho.

Mimi natengeneza uraka, ndoo moja ya lita 20, wa kunywa na mashemeji. Siuzi. Mke wangu anaiita ndoo hiyo mke mwenza.

Nashangaa mtu anayelipia saida, pombe ya tufaha ya ng'ambo, huku akidharau uraka. Kazi ni ileile: maji ya tunda, hamira inakula sukari, inatoa kilevi na gesi. Wenzetu wanaosha vyombo kwa maji ya moto na kusubiri wiki kadhaa. Sisi tunachungulia kila saa. Mwaka wangu wa kwanza nilichungulia mpaka hewa ikaingia, uraka ukawa siki. Mama mkwe akautilia kwenye kachumbari. Mwaka wa pili nilijaza chupa za kioo kabla haujamaliza kuchacha. Tatu zikapasuka usiku, jirani akatoka na panga. Siku hizi natumia chupa za soda za plastiki. Nikiibonyeza na kuikuta ngumu kama jiwe, nalegeza kifuniko.

Ukakasi ndio unaowakimbiza wengi. Unatokana na tanini, na dawa yake iko jikoni: uji mwepesi wa mchele. Koroga kwenye maji ya mabibo, acha yatulie, tanini inashikana na uji na kuzama, kisha chuja kwa kitambaa safi ndipo utie hamira. Joto nalo ni adui, maana hamira ikipata joto kupita kiasi huacha harufu kali. Ndoo yangu inakaa ndani ya beseni la maji, imezungushiwa gunia bichi. (Maji Newala ni ya shida; ya beseni hilo ndiyo ya kufulia kesho yake.)

Kule Goa, India, ambako Wareno waliupeleka mkorosho kutoka Brazili, mabibo hayahaya yanapikwa kinywaji kiitwacho urrak, sikieni jina hilo, na kingine kiitwacho feni, ambacho mwaka 2009 kilipewa hati ya kulinda jina lake. Sisi tunakanyaga mabibo njiani tukienda mnadani.

Msimu ujao nitatenga ndoo mbili, moja ya hamira ya mandazi, nyingine iachwe ichache yenyewe kama walivyofanya wazee. Mashemeji wameshaanza kubishana ipi itashinda, na mikorosho haijatoa hata ua.