Kikohozi cha Aliyepigwa Mionzi ya Kifua Kisiitwe Mafua Haraka

Wiki saba baada ya kumaliza tiba ya mionzi kwa saratani ya titi, mama mdogo wangu wa Mbagala alianza kukohoa kikohozi kikavu. Wajukuu wawili walikuwa na mafua, kwa hiyo sote tulijua, au tulidhani tunajua, alikoyapata. Zahanati tuliyompeleka ilimwandikia antibayotiki na dawa ya maji ya kifua. Hakuna aliyemwuliza kama amewahi kupigwa mionzi, naye hakusema, kwa kuwa aliyahesabu matibabu hayo kuwa yamekwisha. Siku ya nne alilala ameegemea mito mitatu, na kila alipozungumza alikatisha maneno katikati ili avute pumzi.

Tangu hapo nashikilia jambo moja: mgonjwa wa aina hii anapokohoa, cha kwanza kuelezwa mhudumu wa afya kiwe ni mionzi, yaani ilielekezwa wapi na ilikwisha lini.

Mionzi inayolenga saratani ya titi, umio au pafu hugusa pia sehemu ya pafu isiyo na ugonjwa, na sehemu hiyo inaweza kuvimba bila kijidudu chochote, mara nyingi kati ya mwezi mmoja na miezi sita baada ya tiba. Mgonjwa hukohoa, hukosa pumzi na kupata homa ndogo, sawasawa na mwenye virusi vya mafua makali au UVIKO-19. Hata picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kifua kwa vipande, huonyesha ukungu unaofanana, ingawa ule wa mionzi kwa kawaida hufuata mipaka ya eneo lililopigwa, mipaka ambayo daktari asiyepewa historia hawezi kuitafuta. Uvimbe wa mionzi hutulizwa kwa steroidi, yaani dawa za kushusha uvimbe kama prednisoloni, kwa wiki kadhaa huku dozi ikipunguzwa polepole. Lakini steroidi hizohizo hudhoofisha kinga, na zikitolewa bila virusi kupimwa zinaweza kuvipa nafasi ya kuenea. Antibayotiki haziui virusi wala hazitulizi uvimbe huo. Tena uvimbe wa mionzi na virusi vinaweza kumkuta mtu mmoja kwa pamoja, kwa sababu limfosaiti, chembe nyeupe za damu zinazopambana na virusi, hufa upesi zikipigwa mionzi.

Kwa aliye katikati ya tiba, hasara ni ya namna nyingine. Mionzi hutolewa kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na siku zikikatika kwa ajili ya homa, chembe za saratani hupata muda wa kuongezeka. Wagonjwa wengi wanaohudumiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoka mikoani na kufikia kwa ndugu, katika vyumba vyenye watu wengi, kisha hupanda daladala zilizojaa. Hao nawaombea barakoa, chanjo ya mafua kila mwaka inapopatikana, na ndugu mwenye mafua atakayeridhika kumjulia hali mgonjwa kwa simu. (Bado wapo majirani wanaomkwepa wakihofia mionzi yake, wakati mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini.)

Mama mdogo alipona, baada ya daktari wa hospitali nyingine kumwuliza tarehe ya mwisho ya mionzi kabla hata ya kumpima. Sasa anatembea na karatasi kwenye pochi, imeandikwa tarehe hiyo, titi la kushoto, na idadi ya siku: 15.