Vumbi mchana, mvuke usiku: matandiko ya gari la kulala ndani

Wanaogeuza Noah au Hiace kuwa chumba cha kulala huanza na swali la ulaini: godoro la inchi ngapi, blanketi zito kiasi gani. Kwa Dodoma na mikoa jirani, naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: matandiko yatajikinga vipi na vumbi gari likiwa njiani, na yatapumua vipi usiku mkiwa mmelala? Vumbi linataka ufunge kila kitu, mvuke unataka ufungue. Anayefikiria kimoja tu ataishia kulala juu ya kile kingine.

Nianze na mvuke, kwa sababu watu hawauamini. Dodoma ni kukavu; mvua yake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini maji yanayolowesha godoro la gari hayatoki mawinguni, yanatoka kwa waliolala. Watu wawili, kwa pumzi na jasho, wanaweza kutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa usiku mmoja. Juni na Julai, baridi inaposhuka hadi nyuzijoto 14 au chini yake na watu wakafunga madirisha yote, mvuke huo hugusa bati na vioo ukageuka matone. Alfajiri utayaona yakiteremka kwenye kioo, yanapita juu ya mpira wa dirisha, yanaangukia kona ya godoro na kuacha doa la ukubwa wa kiganja. Chini ya godoro ni kubaya zaidi kwa kuwa hakuonekani. Joto la mwili husukuma mvuke ndani ya sponji mpaka ukutane na plaiwudi ya baridi, na hapo unatulia. Inua godoro baada ya wiki mbili za safari uone: vidoti vyeusi kama mbegu za mchicha, na harufu ya ghala lililofungwa. Hiyo ni kuvu. Ikishaingia kwenye sponji haitoki. Sabuni inafifisha doa tu.

Kwa hiyo sikubaliani na mafundi wanaolaza plaiwudi nzima kisha godoro juu yake. Weka chaga, kama kitanda cha nyumbani. Mbao za paini za inchi 1 kwa 3, zilizopigwa randa, zikiachana inchi 2. Kwa kitanda cha futi 6 utahitaji chaga 15. Ukiziachanisha zaidi ya inchi 2, godoro jembamba litazama katikati ya mbao na mgongo utahesabu kila moja. Kitanda kikiwa na upana wa futi 4, weka mwamba mmoja chini katikati, la sivyo chaga zitapinda na moja itavunjika siku utakayopita kwenye makorongo. Kama plaiwudi imeshafungwa na hutaki kuibomoa, itoboe kwa keekee matundu ya inchi 1, kila baada ya inchi 4. Si bora kama chaga, lakini ni afadhali kuliko ubao usiopumua.

Godoro sasa. Inchi 4 za sponji nzuri zinatosha mtu mzima. Inchi 6 ni raha, ila inchi 2 za ziada zinakula nafasi ya kichwa. Kaa ndani ya gari upime: kutoka juu ya godoro hadi dari unahitaji kama sentimita 90 hadi 95 ili uweze kukaa wima na kuvaa shati. Kwenye Noah, inchi hizo mbili ndizo zinazoamua kama utakaa au utajikunja.

Sponji nzuri haijulikani kwa ulaini wala kwa maua ya kitambaa. Inajulikana kwa uzito. Godoro la futi 4 kwa 6 la inchi 4 lina ujazo wa kama mita za ujazo 0.23. Sponji ya kilo 18 kwa mita ya ujazo itakupa godoro la kilo 4 hivi. Ya kilo 30 itakaribia kilo 7. Omba lipimwe kwenye mzani bila kava. Muuzaji akisema ni gumu na la kudumu, halafu mzani ukasoma kilo 4, litakuwa limebonyea kiunoni kabla mwaka haujaisha. Kisha piga goti juu yake kwa dakika moja, inuka, utazame shimo. Likijaa mara moja ni zuri. Likijivuta taratibu kama unga wa ngano uliokandwa, liache dukani.

Usinunue kabla hujapima gari sehemu tatu: sakafuni kati ya mabati yanayofunika matairi ya nyuma, kwenye kimo ambacho godoro litalala, na kwenye kimo cha bega la aliyelala. Kuta za gari zina mviringo, na vipimo hivyo vitatu havifanani hata siku moja. Chora kona kwenye boksi la katoni, likate, uliingize ndani ya gari kwanza. Katoni ikikosewa hakuna hasara. Sponji ikikosewa umeumia.

Kuhusu kulikata godoro ili likunjwe mchana, kosa ninaloliona kila mara ni kulikata nusu kwa nusu. Kiungo kinaangukia kwenye futi 3, yaani kiunoni kabisa, mahali ambapo mwili unalemea kuliko pote. Vipande viwili vinaachana usiku na nyonga inazama kwenye ufa. Kata vipande vitatu vya futi 2. Kiungo kimoja kitaangukia nyuma ya mabega, kingine chini ya mapaja, na kiuno kitabaki kwenye kipande kizima. Mwambie fundi aongeze sentimita 1 kwenye upana wa kila kipande ili vibanane na kuta visihame. Na atumie kisu kirefu chenye meno, akate kwa mvuto mmoja mmoja bila kukandamiza. Sponji ikikandamizwa wakati wa kukatwa, ukingo unatoka umebonyea kwa ndani.

Kava lishonwe kwa drili ya pamba. Nailoni na vitambaa vya kung'aa vinateleza juu ya chaga, vinashika jasho, na katika ukavu wa Agosti vinatoa cheche na kuvuta vumbi. Turubai la plastiki juu ya sponji ni kosa kubwa, kwa sababu linafungia mvuke ndani. Kwa vipande vitatu vya futi 4 kwa 2 vya inchi 4, nunua mita 5 za kitambaa cha upana wa inchi 60. Kiloweke usiku mzima, kikaushe, ukipige pasi, ndipo kikatwe, maana drili hurudi ikifuliwa mara ya kwanza na kava lililobana litashindwa kurudishwa. Zipu izunguke pande tatu. Zipu ya upande mmoja mfupi ni usumbufu: utamaliza nusu saa ukipigana na sponji kila unapotaka kufua, mwisho utaacha kufua.

Vumbi nalo lina njia yake. Gari likitembea linaacha uwazi wa hewa nyuma yake, na hewa ya nyuma hukimbilia kuujaza pamoja na vumbi lote la matairi. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umechakaa, vumbi linanyonywa ndani. Lami ya Dodoma hadi Kondoa ni nzuri, lakini ukishaiacha kuelekea michoro ya mapangoni ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, au njia yoyote ya porini, kilomita chache zinatosha kupaka shuka rangi ya udongo. Pitisha kidole kwenye mpira wa mlango wa nyuma ukifika. Penye mstari mwekundu uliovuka kwenda ndani ndipo mpira umekufa. Ubadilishe, usiuzibe kwa gundi. Njiani funga madirisha ya nyuma, washa feni ya mbele ikivuta hewa ya nje, ili ndani kuwe na msukumo kuliko nyuma. Dirisha la nyuma likiwa wazi kidogo, hata sentimita 2, linafanya kazi ya bomba la vumbi. Ukipishana na lori, zima feni mpaka wingu lipite.

Hata hivyo usitegemee mpira peke yake. Kila kinachogusa ngozi kisafiri ndani ya mfuko: shuka, foronya, mablanketi. Hapa napendekeza mifuko miwili. Wa ndani ni wa pamba, hata foronya kubwa inafaa. Wa nje ni salfeti imara au begi la turubai lenye mdomo wa kukunja mara tatu. Wa nje unazuia vumbi, wa ndani unazuia shuka lisishikane na plastiki na kutoa jasho gari likichemka juani. Mkifika mnaoga, mnakung'uta chaga, ndipo mifuko inafunguliwa. Kufungua mifuko kabla vumbi la kuegesha halijatua ni kazi bure.

Shuka ziwe za pamba, rangi ya kaki au kahawia. Nyeupe zinapendeza siku ya kwanza, na maji ya kufulia njiani si ya kuchezea. Wekeni pea mbili tu kwa kila kitanda: moja inalaliwa, nyingine iko kwenye mfuko. Shuka la futi 5 kwa 6 likipunguzwa na kutiwa lastiki kwenye kona nne linakaa vizuri kwenye godoro la futi 4. Ukilala peke yako, shuka kubwa likikunjwa na kushonwa ubavu mmoja na chini linakuwa mfuko wa kuingia. Blanketi halikugusi, kwa hiyo hulifui mara kwa mara.

Duveti kubwa silipendi ndani ya gari. Linakula nafasi ya begi la nguo za watu wawili, linachelewa kukauka, na Oktoba na Novemba, joto linapozidi nyuzijoto 30 mchana, halina kazi. Mablanketi mawili membamba yanashinda. Dodoma mjini moja linatosha miezi mingi. Ukielekea Singida kwenye upepo, Iringa, au Katesh chini ya Mlima Hanang, unaongeza la pili. Blanketi la sufu la mtumba, ukilipata halijaliwa na nondo, ni mali. Liinue juani: matundu ya nondo yanapitisha mwanga. Lifue kabla halijaingia garini, lining'inie juani kutwa nzima, na ukague mishono kama kuna kunguni au mayai yake.

Baridi ikiwazidi, ongezeni blanketi na soksi. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limebaki makaa ya kufifia, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Gesi ya mkaa haina harufu, na aliyelala haamki. Jambo hili lisijadiliwe.

Madirisha mawili ya pande zinazotazamana yabaki wazi kama inchi 1 kila moja, usiku wote, hata Julai. Ziba nafasi hiyo kwa kipande cha neti kilichoshonewa sumaku ndogo pembeni, kinachojishika kwenye fremu ya bati. Karibu na maji, kama bwawa la Mtera au majaruba ya mpunga ya Bahi, tumia chandarua chenye dawa juu ya kitanda. Kikichafuka kifuliwe kwa sabuni ya mche kwenye beseni na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua huharibu dawa.

Asubuhi ndiyo inayoamua maisha ya godoro. Watu wanaamka, wanakunja, wanaondoka, na ule mvuke wa usiku wanaufungia ndani kwa safari ya siku nzima. Simamisheni vipande kwa ubavu, fungueni milango, futeni vioo kwa kitambaa kikavu, mnywe chai kwanza. Kiangazi nusu saa inatosha, kwa hewa yetu kavu. Masika itachukua saa moja au mbili, na kukiwa na mawingu mazito msikunje kabisa. Viacheni vipande vikae wazi juu ya chaga. Shuka na mablanketi yaanikwe juani, lakini sponji isikae uchi juani: inageuka njano, inakauka, inaanza kumeguka kama mkate wa juzi. Kava libaki juu yake.

Mto wa sufi una upendeleo wangu kwa sababu unapitisha hewa na unafufuka juani, ila usiufue. Sufi ikilowa inafanya mabonge. Fua foronya, na uvae foronya mbili. Panya nao wanaupenda kwa kutandaza kiota, kwa hiyo gari likilala wiki bila safari, mito iingie nyumbani.

Chini ya kitanda, matandiko yasikae chumba kimoja na galoni la dizeli, mtungi wa gesi, mkaa, wala samaki wakavu mlionunua Mtera. Sponji inanyonya harufu kuliko nguo. Mipira ya nafthalini ya kufukuzia nondo isitumike kabisa sehemu mtakayovuta pumzi usiku kucha.

Gari likipumzishwa miezi kadhaa, toa godoro lote. Usilifunge kwa kamba wala kulibana chini ya mizigo, kwani sponji iliyobanwa muda mrefu inasahau unene wake. Vipande visimame kwa ubavu ndani ya chumba kikavu, zipu zikiwa nusu wazi, vikiachana na ukuta upana wa mkono. Mablanketi yakunjwe yakiwa yamefuliwa, kwa sababu nondo hufuata jasho na mafuta ya mwili yaliyobaki kwenye sufu. Chaga nazo zifunguliwe, zipigwe brashi, na ile iliyoanza kupasuka kwenye msumari ibadilishwe wakati huo huo, kabla ya safari nyingine kupangwa.